Darasa la picha ndani ya mashua ya tanga, Lamu: masahihisho hutolewa chombo kikiwa bado baharini

Mwezi wa Februari nilisafiri kutoka Malindi hadi Lamu kwa ajili ya jambo moja tu, nalo ni kujifunza kupiga picha ndani ya chombo cha tanga na kuelezwa waziwazi kasoro za picha zangu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiipiga picha bahari kutoka ufukweni, na jamaa wa nyumbani walizisifu zote bila kubagua, hata nikawa sijui ipi nzuri na ipi mbovu. Huduma niliyoilipia ilikuwa ya siku moja, kwa shilingi 7,500 kila mtu: wanafunzi wanne, mwalimu wa picha, nahodha na baharia wawili.

Tuling'oa nanga mbele ya mji wa kale, ule ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, saa kumi na mbili na robo alfajiri, kabla jua halijachomoza. Saa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Lamu iko karibu nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda wima na kwa haraka. Mwanga mwororo wa asubuhi haudumu, na ikifika saa nne kila aliyevaa kofia huwa ana kivuli kizito machoni. Tukiwa bado gatini, mwalimu alitukataza kumwelekezea mtu yeyote kamera kabla ya kumwomba ruhusa, hasa akina mama waliokuwa wakisubiri boti, na nilimheshimu kwa hilo.

Kaskazi ilikuwa ikivuma, nasi tukateremka nayo kuelekea kijiji cha Shela hadi karibu na mlango wa bahari kuu, ambako mawimbi yalianza kuturushia maji. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba lenzi yenye chumvi haifutwi kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa chembe za chumvi huikwaruza. Hufutwa kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu. Kila mmoja wetu alipewa vitambaa viwili. Tulifundishwa pia kutouegemea mlingoti wakati wa kupiga picha, kwa sababu mtikisiko wote wa tanga hushukia hapo, bali kukunja magoti kidogo, kubana viwiko mbavuni, na kutoshusha kasi ya shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, chini ya 1/500 ya sekunde, au 1/1000 chombo kinapoyumba sana.

Lakini thamani ya darasa hili imo katika masahihisho. Baada ya kila mkondo wa safari tanga lilishushwa, tukatia nanga penye utulivu kando ya mikoko ya kisiwa cha Manda, na kila mwanafunzi akaonyesha picha tatu tu, alizozichagua mwenyewe, mbele ya wote. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya tanga lililojaa upepo dhidi ya mbingu, na niliionea fahari. Mwalimu aliitazama kwa muda, akasema, "Bahari yako imemwagika upande wa kulia." Kisha akaeleza kwamba mstari wa upeo ukiwa sawa, mlingoti unaolala ndio unaomwonyesha mtazamaji nguvu ya upepo, ukiunyoosha mlingoti na kuuacha upeo uiname, chombo huonekana kimesimama na bahari ndiyo inayoanguka. Akaongeza kuwa tanga langu jeupe limegeuka la kijivu, kwa kuwa kamera hupima kila kitu kana kwamba ni cha rangi ya wastani, na ilinipasa kuongeza mwanga hatua moja.

Nahodha, mzee wa makamo aliyekuwa akisikiliza kutoka kwenye usukani, aliomba aione na yeye. "Mwanangu," akaniambia, "demani kaishika nani?" Kamba ya demani, ile ya kukazia na kulegezea tanga, ilitoka kwenye tanga na kukatikia ukingoni mwa picha, pasipo mkono wa mtu. Kwake yeye hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko upeo, na nilipoitazama tena niliona kwamba nilipiga picha ya uzuri wa tanga nikaiacha kazi yake.

Tuliporudi tulilazimika kupiga bisha, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, na kila foromali, boriti inayobeba tanga, ilipogeuzwa nilimkalia karibu baharia mwenye demani, kwa idhini yake. Picha ninayoithamini kuliko zote za siku hiyo inaonyesha vidole vyake vilivyoizungushia kamba mara mbili, kucha ya dole gumba iliyopasuka, na chumvi iliyokauka ikawa nyeupe katika mikunjo ya ngozi. Nyuma yake upeo umenyooka. Nisingeipata laiti ningekosolewa jioni, mashua ikiwa imeshafungwa gatini.

Chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kuchoma, kizuri. Jaketi moja la kuokolea maisha lilikuwa na kifungo kibovu. Lilibadilishwa nilipolalamika, lakini lilistahili kukaguliwa kabla abiria hajalivaa.

Lawama yangu kubwa ni ya nchi kavu. Tuliahidiwa tathmini ya maandishi ya picha kumi ndani ya wiki moja. Yangu ilifika siku ya ishirini na nne, nayo ilikuwa sifa tupu, yenye maneno kama "nzuri sana" na "hongera", ambayo hata dada yangu angeweza kuniandikia. Mwalimu yule yule aliyeniambia bahari yangu imemwagika anaweza zaidi ya hapo. Nilimpigia simu, akakiri kwamba aliandika kwa haraka, na tukazipitia picha sita upya kwa muda wa nusu saa, safari hii kwa ukali ule ule wa mashuani.

Nimeshalipia nafasi nyingine mwezi wa Machi, kabla kaskazi haijaisha, na nimeomba nikae tezini, nyuma ya chombo, karibu na nahodha.