Noilly Prat kwenye martini ya mezani: mi naimimina nusu kwa nusu

Nimemaliza chupa nzima ya Noilly Prat, ile Original Dry, ambayo ni vemuthi, yani waini iliyotiwa mitishamba na kuongezewa pombe kidogo, na kwa kweli naona vemuthi inaonewa sana. Mtu anajaza jini (ile pombe, gin), vemuthi anadondosha matone mawili, afu kokteli hiyo anaiita martini kavu. Sawa, kama unakunywa tu bila kula. Ila ukishaweka sahani mbele yako ile kitu inaunguza ulimi, funda la pili tu samaki humsikii tena.

Mi nafanya jini 45 ml, vemuthi 45 ml, na tone moja la bitazi ya machungwa, kile kiungo kichungu cha kokteli. Jini ya asilimia 40 ikikutana na vemuthi hii ya asilimia 18 unapata kama 29 kabla barafu haijayeyuka, wakati ukiweka jini sita kwa vemuthi moja uko kwenye 37, na hiyo tofauti unaisikia kabisa mdomoni.

Kwa nini hii na sio nyingine? Inatoka Marseillan, kusini mwa Ufaransa, na waini yake nyeupe inakaa nje kwenye mapipa ya mwaloni karibu mwaka mzima, jua lake, upepo wake, ndo maana rangi imekolea kidogo kama majani makavu na ladha ina kachumvi fulani hivi, na kamomili, yale maua ya chai, kwa mbali. Mji wenyewe uko kando ya ziwa la maji chumvi la Thau wanakofuga chaza, na nilivyojaribu na chaza nikaelewa kila kitu. Nilidondoshea nusu kijiko cha martini juu ya chaza mbichi, nikamla, nikafuatisha funda moja, aisee, ile chumvi ya bahari na ule uchungu wa mitishamba vinashikana utadhani vimekua pamoja. Samaki wa moshi pia safi sana, zeituni, kamba wa siagi, jibini ngumu. Chakula cha pilipili hapana, pombe inazidisha moto. Vitamu usijaribu.

Dolin Dry, vemuthi nyingine ya Ufaransa, nayo naipenda, ni nyepesi zaidi, ila kwa samaki wa moshi inazidiwa.

Kuchanganya: koroga na barafu nyingi kama sekunde 30, usitikise. Na jini isitoke kwenye friza, maana ikiwa baridi hivyo barafu haiyeyuki vya kutosha na kinywaji kinabaki kikali, maji yale yanahitajika. Glasi ndo iwekwe friza. Mwisho ganda la limau, likunje juu ya glasi uone mafuta yanavyorukia juu ya kinywaji kama vumbi linalong'aa, harufu inakufikia kabla hujanywa.

Kitu kimoja tafadhali, vemuthi ni waini. Niliwahi kuacha chupa imefunguliwa kabatini miezi mitatu, nikaja kuimimina inanuka matufaa yaliyooza, nikamwaga yote. Ikishafunguliwa iende friji, imalizwe ndani ya mwezi mmoja au miwili. Kama kuna chupa ndogo chukua hiyo.

Mkiwa wengi changanya mapema: jini 300 ml, vemuthi 300, maji masafi 150, yote kwenye chupa moja ya 750, friji tangu asubuhi. Hapo hukorogi tena, unamimina tu chakula kikifika mezani.