Blue Notes for Mongezi: tathmini ya rekodi ya wapigaji wanne

Tarehe 14 Desemba 1975 mpiga tarumbeta Mongezi Feza alifariki dunia mjini London kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka 30. Tarehe 23 ya mwezi huohuo, baada ya ibada ya kumkumbuka, wenzake wanne wa Blue Notes, kundi la jazi kutoka Afrika Kusini, waliingia katika chumba cha mazoezi, wakatayarisha ala zao na kuanza kupiga. Hawakushauriana kabla ya kuanza wala katikati ya kupiga. Hakuna aliyetaja wimbo, wala aliyepanga nani atangulie na nani afuate. Yaliyorekodiwa siku hiyo yalitolewa mwaka 1976 na kampuni ya Ogun katika santuri mbili zenye sehemu nne, kila sehemu upande wake, kwa jina la Blue Notes for Mongezi. Miongoni mwa rekodi za muziki huru wa makundi madogo, yaani muziki ambao wapigaji wachache huubuni papo hapo bila wimbo uliotungwa kabla, hii ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo, na nitajaribu kueleza sababu.

Sababu ya kwanza ni watu wenyewe. Chris McGregor alipiga piano, Dudu Pukwana saksafoni ya alto, Johnny Dyani besi ya kusimama, na Louis Moholo ngoma. Wote pia waligusa kengele, filimbi na vyombo vidogo vya kugonga, na sauti za kuimba zinasikika mara kwa mara. Walikuwa wamejuana tangu Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika kundi la watu sita lililomchanganya Mzungu mmoja na Waafrika watano wakati sheria za ubaguzi wa rangi zilipokuwa zikifanya jambo hilo kuwa hatari kwa wapigaji na hata kwa wenye kumbi. Mwezi Julai 1964 walikwenda kupiga katika tamasha la jazi la Antibes nchini Ufaransa na hawakurudi pamoja tena. Walipitia Uswisi, wakafika London mwaka 1965. Mmoja wa wale sita, Nikele Moyake, aliyepiga saksafoni ya aina iitwayo tena (tenor), alirejea nyumbani mapema na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo, kifo cha Feza kilipotokea, kundi lilikuwa limekwisha kupoteza mtu mmoja, na waliobaki walikuwa wametawanyika: McGregor alikuwa na bendi yake kubwa ya Brotherhood of Breath, Pukwana aliongoza makundi yake mwenyewe, Dyani alikuwa amehamia Skandinavia. Siku ya kurekodi haikuwa siku ya kawaida ya kazi kwa yeyote kati yao.

Ninayaeleza haya yote kwa sababu yanasikika. Msikilizaji asiyeujua muziki huru hudhani kwamba neno huru lina maana ya kila mtu kufanya lake, na rekodi nyingi mbovu zimempa haki ya kudhani hivyo. Katika santuri hizi uhuru unatokana na kujuana. Dyani anapoanza kurudiarudia noti chache katika besi, Moholo hahitaji kuambiwa kwamba huo utakuwa msingi. Anauzungusha kwa matoazi, anauacha upumue, kisha anaingiza mdundo unaokwenda kinyume nao, na bado besi haiyumbi. Pukwana huweza kunyamaza kwa muda mrefu kabla ya kuingia, na anapoingia analia kwa sauti nyembamba iliyobanwa, kisha ghafla anaanguka ndani ya kipande cha wimbo wa mitaani kwao, wimbo wa kuchezwa, mtamu kabisa, unaodumu kidogo tu kabla ya kuvunjwavunjwa tena. McGregor ndiye mgumu zaidi kumfuatilia, kwa sababu kazi yake mara nyingi ni kujaza nafasi iliyo kati ya wenzake kwa kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, zinazotetemeka na zenye harufu ya tenzi za kanisani. Alikulia Transkei, eneo la Afrika Kusini ambako baba yake alifundisha katika shule ya misheni, na tenzi hizo hazikumtoka.

Kisha kuna sauti ya Dyani. Anaongea na kuimba kwa Kixhosa, wakati mwingine kama mtu anayemwita aliyekwenda mbali, na wenzake wanamwitikia kwa sauti au kwa ala. Nimehudhuria matanga ya kutosha kujua kwamba kilio cha watu wengi kina utaratibu wake, kwamba mmoja huanzisha na wengine hupokea bila kuteuliwa, na kwamba katikati ya msiba huzuka hadithi ya kuchekesha kuhusu marehemu na watu wakacheka kwa dhati kabla ya kurudi katika huzuni. Rekodi hii inakwenda hivyohivyo, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaoiita rekodi ya huzuni tupu. Kuna sehemu ndani yake ambazo zina furaha kubwa, tena kuliko rekodi nyingi zilizokusudiwa kufurahisha.

Sisi tuliozoea taarabu tunayo njia ya kuukaribia muziki huu. Katika taksimu mpiga udi au fidla huachwa peke yake abuni papo hapo, na wasikilizaji humpima kwa jinsi anavyoingia katika makamu, yaani mpangilio wa noti unaofuatwa, anavyotoka na anavyorudi. Tofauti ni kwamba taksimu ni ya mtu mmoja na makamu inajulikana, ilhali hapa ni watu wanne kwa pamoja na hakuna makamu iliyokubaliwa. Kwa hiyo kipimo nacho kinabadilika. Badala ya kuuliza mpiga saksafoni amefanya nini, inafaa kuuliza alichokifanya kimewafanyia nini wengine watatu: nani amekipokea, nani amekipinga, nani amekiacha kipite. Ninashauri msikilizaji achague ala moja, aifuatilie upande mzima wa santuri, halafu arudie upande uleule akifuatilia ala nyingine. Mara ya kwanza ningechagua besi, kwa kuwa Dyani ndiye anayeamua mengi bila kujitangaza.

Rekodi huwa na shida yake katika muziki wa aina hii, na shida hiyo inapaswa kukubaliwa waziwazi. Muziki uliobuniwa mara moja, kwa ajili ya siku moja, unageuzwa kuwa kitu kisichobadilika; tukio lililowashangaza wapigaji wenyewe linakuwa, baada ya kusikilizwa mara kadhaa, jambo ambalo msikilizaji analisubiri. Hata hivyo, nadhani katika Blue Notes for Mongezi faida inazidi hasara. Masikio hayawezi kufuata watu wanne kwa mara moja, na mengi yaliyo bora humu ni majibu madogo: pigo moja la ukingo wa ngoma linaloifanya piano ibadili mwelekeo, au filimbi inayomkatisha mwimbaji na kumpeleka mahali asipokusudia. Mambo haya hupotea kwa anayesikia mara moja tu, na ni rekodi pekee inayotuwezesha kuyarudia.

Anayetaka kuona upekee wa santuri hizi na azilinganishe na muziki huru wa Waingereza waliokuwa mji huohuo wakati huohuo. Karyobin ya Spontaneous Music Ensemble, iliyorekodiwa Februari 1968 na watu watano chini ya mpiga ngoma John Stevens, ni muziki wa sauti ndogondogo zinazodondoka kwa zamu, na umejengwa juu ya msimamo maarufu wa Stevens kwamba usipomsikia mwenzako, basi unapiga kwa nguvu kupita kiasi. The Topography of the Lungs, ya Julai 1970, ambamo Evan Parker, Derek Bailey na Han Bennink wanagongana bila huruma, ni kazi kali zaidi na ilikuwa santuri ya kwanza ya kampuni ya Incus iliyoanzishwa na wapigaji wenyewe. Zote mbili ninazithamini sana. Lakini Bailey alitafuta kwa makusudi muziki usiofuata lahaja ya muziki wowote unaojulikana, na katika kitabu chake cha mwaka 1980 aliieleza tofauti hiyo kwa kina. Blue Notes hawakuona haja ya kukimbia lahaja yao. Kwao wimbo wa nyumbani ungeweza kuzuka wakati wowote na kuondoka wakati wowote, na uhuru wao ulikuwa pamoja na kuruhusiwa kuimba. Si kwamba walikuwa wageni katika kazi ya Waingereza hao. Dyani alipata kupiga katika kundi la Stevens, na Moholo, pamoja na mpiga besi mwenzao kutoka Afrika Kusini, Harry Miller, alirekodi na Mjerumani Peter Brötzmann mwaka 1979. Waliijua njia nyingine vizuri, na tarehe 23 Desemba walichagua yao.

Ogun yenyewe ilikuwa kampuni ndogo, iliyoanzishwa miaka ya 1970 na huyo Harry Miller, mkewe Hazel, na mtaalamu wa sauti Keith Beal, kwa sababu kampuni kubwa hazikuwa na nafasi kwa muziki huu. Sauti ya rekodi inaonyesha mazingira hayo. Hii si studio ya kifahari: piano humezwa na ngoma pale Moholo anapopamba moto, na sauti za kuimba huja mara karibu, mara kutoka pembeni ya chumba. Mwenye kuthamini usafi wa sauti kuliko yote ataudhika. Mimi naona ukali huo unamweka msikilizaji ndani ya chumba, ila nakiri kwamba katika spika ndogo za simu besi ya Dyani hupotea kabisa, na bila besi hiyo muziki huu haueleweki. Inahitajika spika nzuri au hedifoni.

Kuna swali la toleo lipi linafaa. Santuri za mwaka 1976 zilikatwa ili zitoshe pande nne. Mwaka 2008 Ogun walitoa kasha la diski tano liitwalo The Ogun Collection, ambamo kikao cha Mongezi kinachukua diski mbili na kimerejeshwa karibu chote. Nyongeza hiyo ni kubwa na imebadili hukumu yangu juu ya kazi nzima. Katika santuri za awali mambo hutokea kwa haraka, na mabadiliko mengine yanaonekana kama ya kushtukiza. Katika toleo refu tunasikia muda waliouchukua kufika hapo, pamoja na vipindi ambavyo hakuna kinachofanikiwa na wanne hao wanazungukazunguka wakitafuta pa kuingilia. Vipindi hivyo vitawachosha baadhi ya watu. Kwangu vina thamani kubwa, kwa kuwa vinathibitisha kwamba wimbo unapozuka hatimaye haukuwa umefichwa mfukoni. Kwa anayeanza, hata hivyo, pande nne za awali zinatosha, na ningemshauri aanze na sehemu moja tu kwa kikao kimoja.

Kasha hilo lina faida nyingine. Diski ya Legacy ina onyesho la Durban la mwaka 1964, kabla ya safari, likiwa na wote sita, na muziki wake ni jazi yenye tungo, mdundo thabiti na zamu za kupiga zilizopangwa. Kutoka hapo hadi Desemba 1975 ni miaka 11 tu. Diski ya Blue Notes in Concert ni ya mwaka 1977, na inawaonyesha wanne walewale mbele ya hadhira ya London wakiwa wachangamfu na wenye nyimbo nyingi zaidi. Ni rahisi kuipenda, ingawa haina kina kile. Blue Notes for Johnny ilirekodiwa mwaka 1987 na watatu waliosalia, baada ya Dyani kufariki mwaka uliotangulia. Pengo la besi ni kubwa mno humo, na McGregor analazimika kushusha mkono wa kushoto mahali ambapo Dyani angekuwa. Ningeiacha hiyo iwe ya mwisho kusikilizwa, baada ya besi ya Dyani katika diski za Mongezi kuzoeleka masikioni.