Kliniki ya homoni za watoto na levothairoksini: uzoefu wangu na binti aliyeacha kurefuka

Binti yangu ana miaka 11 na huu ni mwaka wa pili anameza levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi ya thairoidi, kila asubuhi. Naandika kuhusu dawa yenyewe na kuhusu kliniki ya homoni za watoto iliyotuandikia dawa hiyo, katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam. Wakati tunahangaika nilitafuta sana maelezo ya mzazi mwenzangu kwa Kiswahili. Nilichokipata ni matangazo ya unga wa kurefusha watoto.

Tatizo lake ni tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo. Kinga ya mwili wake mwenyewe iliishambulia ikawa haitoi homoni ya kutosha. Ugonjwa huo unaitwa Hashimoto. Mtu mzima akiupata huchoka, huhisi baridi, hupata choo kigumu na ngozi kavu. Mtoto hupata hayo yote, na juu yake huacha kurefuka. Kinachotupoteza maboya wazazi ni kwamba hakondi. Wetu alikuwa na mashavu, kilo zinapanda, kila mgeni anayeingia nyumbani anasifu afya yake. Nimeelezwa kliniki kwamba njaa au lishe duni ikimwandama mtoto, uzito ndio hutangulia kuyumba na kimo hufuata baadaye. Homoni ya thairoidi ikipungua mambo hugeuka: kimo kinasimama, uzito unaendelea. Natamani kila mzazi ajue jambo hili.

Sisi tulishtushwa na sketi ya shule. Ile ya darasa la tatu alikuwa bado anaivaa darasa la tano, urefu ule ule, kiuno tu ndicho kimebana. Mdogo wake akamfikia. Zahanati tulizopita walimpima kilo, wingi wa damu na minyoo, wakatupa vidonge vya damu. Hakuna aliyemsimamisha ukutani ampime urefu.

Kule kliniki walianza na urefu, na hapo ndipo nilipoanza kuwaamini. Sista alimvua viatu na soksi, akamsimamisha kwenye ubao wa kupimia, visigino na makalio vimegusa nyuma. "Macho mbele, mwanangu, usiangalie dari," akamshika taya kwa vidole viwili, akashusha kibao taratibu mpaka kikalala kichwani. Akasoma. Akamtoa, akamrudisha, akasoma tena, na tena, ndipo akaandika. Akatuomba miadi zetu zote ziwe za asubuhi, kwa kuwa binadamu hupungua kimo kidogo kadiri siku inavyokwenda na uti wa mgongo unavyobonyea. Kwa mtoto anayefuatiliwa sentimita kwa sentimita, hiyo nusu au moja inayopotea jioni inaweza kumdanganya daktari.

Kisha dakta akauliza tuna kipimo gani cha zamani. Hatukuwa nacho, kadi ya kliniki iliishia miaka mitano. Mke wangu akamkumbuka fundi wetu wa nguo, ambaye huandika vipimo vya wateja kwenye daftari. Akampigia simu pale pale. Gauni la Idi ya mwaka ule na la miaka miwili nyuma yalipishana inchi moja tu. Dakta hakudharau, aliandika kwenye faili. Alitueleza kwamba mtoto wa shule ambaye hajaanza kubalehe hurefuka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, na akiwa chini ya 4 lazima atafutiwe sababu.

Vipimo vilivyofuata ni damu na eksirei ya kiganja cha mkono wa kushoto. Damu ilionyesha TSH iko juu sana na T4, homoni ya thairoidi yenyewe, iko chini. TSH inatoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi ifanye kazi. Thairoidi ikizembea, amri inatolewa kwa sauti ya juu zaidi, kama mwalimu mbele ya darasa lisilosikia. Eksirei ilionyesha mifupa ya mtoto wa miaka 7 wakati yeye alikuwa anakaribia 10. Mimi niliogopa, dakta akaona heri. Mifupa iliyochelewa bado ina nafasi ya kukua, mradi homoni irudi kabla ncha zake hazijafunga. Ila alisema wazi kwamba mtoto aliyekaa muda mrefu bila dawa anaweza asifidie kimo chote.

Sasa dawa. Kidonge ni kidogo sana, kinapimwa kwa mikrogramu, na ndani yake mna homoni ile ile ambayo tezi ilipaswa kuitoa. Kwetu Morogoro cha 50 na cha 100 havinisumbui kupata. Cha 25 ndicho cha kuzungukia maduka, kwa hiyo dozi ikiangukia katikati tunakata cha 50 kwa kikata vidonge cha famasi, maana kisu cha jikoni kinakivuruga. Kinamezwa kwa maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Hapo ndipo kazi ilipo. Binti yetu alizoea uji wa lishe mapema, na unga wa lishe mwingi una soya, ambayo huzuia dawa kufyonzwa. Maziwa nayo yana kalsiamu. Vidonge vya damu vinatakiwa viachane na dawa hii kwa saa nne. Tumepanga hivi: kidonge mara tu baada ya adhana ya alfajiri, anajiandaa, ndipo anakunywa chai. Vidonge vya damu, alipokuwa akivitumia, tulivihamishia usiku. Kwa anayefunga Ramadhani, nilimsikia dakta akimwelekeza mama mmoja kuwa mwanawe ameze kabla ya kulala, saa kama tatu baada ya kula.

Akisahau siku moja hakuna cha kutisha, dawa hii hukaa mwilini siku nyingi. Shida ni kusahau kila wiki. Pia msihame kutoka kampuni moja kwenda nyingine kiholela. Tulipolazimika kubadili, dakta alirudia kipimo cha damu baada ya wiki sita, na dozi ikabidi iongezwe kidogo.

Mabadiliko hayakuja kwa mpangilio niliotarajia. Choo kilitangulia, ndani ya wiki chache. Sweta akaacha kulivaa mchana. Ngozi ya miguu ikalainika. Nywele zikaanza kupukutika, nikapiga simu nikiwa na wasiwasi, nikaambiwa hutokea na hupita, na kweli zilipita. Halafu mwalimu akaleta malalamiko: mtoto mpole wa darasa lake ameanza kuongea, hatulii kwenye dawati. Dakta alikuwa ametuandaa kwa hilo. Mtoto aliyekuwa mzito na mchovu miaka miwili akirudishiwa homoni yake huchangamka kuliko watu walivyomzoea, na inafaa shule ijulishwe mapema. Kimo kilichelewa kuonekana, lakini mwaka wa kwanza alipanda sentimita 9. Sketi mpya imeshonwa na pindo la kushusha.

Ningewapa nyota nne kati ya tano. Moja naipunguza kwa sababu ya foleni ndefu na majibu ya damu ambayo wakati mwingine yanafuatwa siku nyingine, mzigo mzito kwa anayetoka mkoani. Vipimo ndivyo vinavyokula fedha kuliko dawa. Sisi tunapanda treni ya SGR jioni ya kuamkia miadi na kulala kwa shangazi yake. Asiye na shangazi Dar analala wapi? Madaktari wa fani hii ni wachache. Nairobi kulianzishwa mafunzo yao mwaka 2008 kwa ajili ya nchi za Afrika, lakini watoto ni wengi kuliko wao. Kwenye benchi lile nimekaa na wazazi wa watoto wenye kisukari cha sindano, na mama wa msichana aliyeanza kuota matiti kabla ya miaka 8.

Kuhusu zile poda za mitandaoni naomba nisikilizwe. Hakuna hata muuzaji mmoja aliyeniuliza TSH ya mtoto ni ngapi. Miezi ambayo mtoto wa thairoidi anakunywa poda ni miezi ambayo mifupa yake inasubiri homoni, na mifupa haisubiri milele.

Ukiwa na wasiwasi, omba rufaa kutoka hospitali ya wilaya au ya mkoa, na siku hiyo sema neno kimo, usiseme tu mtoto anachoka. Beba kadi ya kliniki, kimo cha baba na cha mama, majibu ya zamani, picha za shule zenye tarehe kama zipo, na kipimo chochote cha fundi nguo. Mtoto avae viatu vya kuvua haraka, na nywele zisisukwe za kusimama juu siku hiyo, zinaharibu kipimo.