Fundi wa viatu wa Soko la Zamani: glavu za ndondi anaziweza, "kesho" yake ndiyo haiaminiki

Mwenye glavu za ndondi zilizochanika hapa Malindi asihangaike kuzituma Mombasa. Kuna fundi wa viatu, mzee mmoja anayekaa barazani karibu na Soko la Zamani, na kazi yake nimeikagua mshono kwa mshono. Ila ukimwendea usiwe na haraka.

Sisi tulimpelekea gunia zima. Ni kikundi cha wapenzi wa ndondi, wachache tu maana mji huu ni wa kandanda, na tunapanga msafara wa hisani kwenda Lamu kuwapelekea vifaa vijana wanaojifua huko kwa kufunga matambara mikononi. Harambee yetu ni ya kuuza kilomita: Malindi hadi Mokowe, penye boti za kuvukia Lamu, ni zaidi ya 200, kila mfadhili ananunua zake, na mpaka sasa mauzo yameshavuka Garsen, mji wa katikati ya njia. Glavu tumezichambua kwenye mitumba ya soko la Kongowea, Mombasa. Nyingi zina ngozi nzuri, ila mshono umekufa.

Mshono ndipo mzee anapoonyesha yeye ni nani. Uzi wa nailoni anaupitisha kwanza kwenye kipande cha mshumaa, halafu anashona kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, akivuta mpaka ngozi inalia. Nilijaribu kupenyeza ukucha katikati nikashindwa.

Kilichonifurahisha zaidi ni kazi ya kidole gumba. Kwenye glavu za siku hizi gumba limeshikizwa kwenye kiwiliwili cha glavu kwa kipande kifupi cha ngozi, lisije likamwingia mwenzio jichoni. Kwenye mitumba kipande hicho huwa kimeshakatika. Mzee alidhani ni urembo, jozi ya kwanza akakiondoa kabisa. Nilipomweleza, aliivaa glavu mwenyewe, akanyoosha gumba mbele ya jicho lake, akacheka: "Kumbe hii ni kufuli!" Zilizobaki zote akazifunga vizuri, na ile ya kwanza akairudia bila kudai hata shilingi.

Kwenye kujaza ndipo hatukubaliani. Sponji ya ndani ikizeeka inakuwa unga. Ukiibonyeza kwa kidole unaupata mkono wako upande wa pili. Dawa yake yeye ni mpira wa ndara kuukuu, anaukata vipande na kuvipachika ndani. Kwa kupiga mfuko wa mazoezi inatosha. Kwa kupigana na mtu, hapana, ule mpira ni mgumu na haupunguzi pigo. Nilipomwambia hivyo alinuna kidogo. "Mwanangu, wewe wataka ngumi zisizouma?"

Swali hilo nimelala nalo. Glavu humlinda anayepiga kuliko anayepigwa: mkono hauvunjiki, basi atalenga kichwa kwa nguvu na tena na tena. Hata kinga ya kichwa, ambayo wanaume walipanda ulingoni bila kuivaa kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, husaidia zaidi ngozi isipasuke kuliko kuuzuia ubongo usitikisike. Nilimtajia Robert Wangila. Anamkumbuka vizuri, alimsikia redioni akishinda dhahabu Seoul mwaka 1988, nayo ndiyo dhahabu pekee ya ndondi ambayo Kenya imewahi kuipata kwenye Olimpiki. Mwaka 1994 Wangila alifariki Las Vegas kwa majeraha ya ulingoni. Mzee hakujibu. Baadaye kidogo alichukua uzi mwekundu akatia alama kwenye kila glavu yenye ndara, pale penye kifundo cha mkono, ili kule Lamu wajue hizo ni za mfuko tu. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Pamoja na hayo yote ndondi naipenda, sitajifanya. Mabondia wa uzito wa juu Usyk na Fury walipokutana Riyadh, Mei 18, 2024, nilikesha bila taabu kwa kuwa saa zao na zetu ni zilezile. Si kama mapambano ya Las Vegas yanayotukuta tunatoka kuswali alfajiri. Mzee anashikilia Fury, aliyeshindwa kwa pointi, alidhulumiwa, kwani hakuanguka. Namwambia raundi ya tisa kilichomzuia asianguke ni kamba, na refa alimhesabia kama aliyeanguka. Hataki kusikia. Ubishi huo umechelewesha kazi yetu kuliko kupotea kwa stima.

Maana kasoro yake ndiyo hiyo. "Kesho, inshallah" ya kwake ina siku nyingi ndani. Risiti hana, jina lako analiandika kwa chaki juu ya ngozi, chaki nayo inafutika. Andika mwenyewe kwenye kikaratasi ukifunge kwa uzi. Bei ni nzuri: shilingi 200 kwa jozi kushona, 350 akibadilisha na bitana. Usimpunguzie.

Sisi tutaondoka masika ikiisha, kwa kuwa Tana ikifurika barabara ya mbele ya Garsen huwa haipitiki. Alfajiri tunavuka Sabaki, chai Garsen, kisha Witu, Hindi, na magari yanabaki Mokowe, kwani kuingia kisiwani ni kwa boti na mizigo hubebwa na punda na mikokoteni. Mzee aliposikia habari ya boti alipaka mishono yote kiwi ya viatu isiyo na rangi, maji ya chumvi yasiingie. Hilo nalo hakulitoza.

Nampa nyota nne. Velkro ya kufungia glavu hauzi, nenda na yako, na Ijumaa mchana usimtafute. Jozi zetu za mwisho bado anazo, kwa hiyo mkipita hapo mkumbusheni, lakini msimtajie Fury.