i18n Ally kwenye VS Code, uzoefu wangu kwa app ya Kiswahili na Kingereza

Wakuu, kama unatengeneza app ya lugha mbili na bado unafungua faili la maneno ya Kiswahili, sw.json, upande huu na la Kingereza, en.json, upande ule unalinganisha kwa macho, pole sana. Sisi huku Mbeya tuna app ya mawakala wa parachichi, wakala wa Rungwe anasoma Kiswahili, mnunuzi wa nje anasoma Kingereza, maneno yamekuwa mengi na tafsiri moja ikikosekana wakala anakutana na Kingereza katikati ya skrini, au mbaya zaidi jina la ufunguo, yaani lile jina ambalo kodi inatumia kuita tafsiri, mzigo.hali.imepokelewa, anapiga simu kuuliza app imekufa au vipi.

Plagini niliyobaki nayo ni i18n Ally, nyongeza ya VS Code (programu ya kuandikia kodi) inayokusaidia kusimamia tafsiri. Mchapishaji ni Lokalise, hakikisha hilo jina kabla hujainstoli maana plagini inaendesha kodi ndani ya mashine yako. Mtandao ukiwa mzuri ni kubonyeza tu, ukisuasua mmoja apakue faili la .vsix, yaani plagini yenyewe kama faili, aliweke kwenye fleshi, wengine wanaenda Extensions, vile vidoti vitatu, Install from VSIX, imeisha, bando la mtu mmoja tu limetumika.

Ikiwa kimya usiifute, mara nyingi haijui mafaili yalipo. Ndani ya .vscode/settings.json weka i18n-ally.localesPaths ielekee kwenye folda lako, i18n-ally.displayLanguage iwe sw, na i18n-ally.keystyle iwe nested kama funguo zako zimepangwa kwa ngazi, halafu hilo faili lipandishe Git ili timu nzima ipate seting zile zile.

Baada ya hapo raha. Pale kodi inapoita tafsiri kwa ufunguo, mfano t('mzigo.pokea'), unasoma Kiswahili chenyewe hapo hapo kwenye kodi, na pembeni kuna Progress inayoonyesha kila lugha imefika wapi na ufunguo gani hauna tafsiri. Mwenzetu anayetuandikia Kiswahili ni mwalimu, kodi hajui kabisa, lakini anarekebisha humo humo bila kugusa mabano wala koma za JSON, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuipendekeza.

Ila inaangalia kama tafsiri ipo, haiangalii kama ni sahihi. Wingi ndo pagumu, i18next, maktaba ya tafsiri ya JavaScript, inataka ufunguo wenye _one kwa kimoja na _other kwa vingi, na kwetu kitenzi nacho kinabadilika, kreti 1 imepokelewa, kreti 10 zimepokelewa, kwa hiyo andika sentensi nzima kwenye kila ufunguo, usiunganishe vipande. Kile kitufe cha kutafsiri kwa mashine sikitumii kwa Kiswahili mpaka mtu akisome.

Wa Flutter (zana ya Google ya kutengeneza app) tafsiri zenu ziko kwenye faili za .arb, tafuteni ARB Editor ya Google. Wa VSCodium, ile VS Code ya chanzo huria, duka lenu la plagini ni Open VSX, anzieni huko.