Széchenyi, Budapest: kuoga nje na baridi la Desemba (nilienda na rasta, msirudie kosa langu)

Tangu nirudi Dodoma kila mtu ananiuliza hivi Ulaya mwezi wa 12 mtu anafanya nini na baridi lile, na jibu langu ni moja tu, nendeni mkaoge. Sio bafuni hotelini, naongelea Széchenyi pale Budapest, mji mkuu wa Hungary, mabwawa ya maji moto yaliyo nje kabisa, juu ni mawingu, we umevaa nguo ya kuogelea na hewa iko chini ya sifuri.

Nilikuwa kule wiki mbili kwa kozi ya kazini. Koti nilinunua mitumba Sabasaba, zito kama godoro, nikajua nimemaliza kazi, kumbe baridi la kule sio kama hili letu la mwezi wa saba ambalo ukivaa sweta na ukakwepa upepo basi limekwisha, lile linaanzia kwenye kucha. Na jua linazama hata saa kumi jioni haijafika! Siku za mwanzo nilikuwa natoka darasani giza, naenda chumbani, nalala. Jumamosi kaka mmoja tuliyekuwa naye kozi, mtu wa Singida, akagonga mlango, dada vaa twende, hatujaja huku kulinda kitanda.

Unaenda na metro namba 1, treni ya chini ya ardhi, vibehewa vidogo vya njano, njia ya mwaka 1896 na mpaka leo inapiga kazi. Unashuka kituo kinaitwa Széchenyi fürdő, unapanda ngazi, jengo hilo hapo mbele, la njano nalo, limefunguliwa 1913 lakini ukilikuta ghafla unadhani ikulu. Tiketi inazidi forinti 10,000, kwa hela yetu hesabu zaidi ya 70,000, nikalalamika njia nzima kwamba elfu sabini ya kuoga mimi sijawahi kuisikia. Wanakupa bangili ya plastiki, hiyo ndo funguo ya loka, usiivue hata kidogo.

Sasa kile kipande cha kutoka mlangoni mpaka kwenye maji. Hatua kama ishirini tu, ila sikubeba ndala na sakafu ni kama umekanyaga friza, nilikimbia nimejikumbatia huku natoa maneno ya Kigogo ambayo bibi yangu angeyasikia angenitandika. Halafu ukaingia. Jamani. Bwawa la kukaa lina nyuzi kama 38, joto linapanda toka miguuni taratibu, mvuke umetanda mpaka mtu aliye mita tatu humwoni sura unasikia sauti tu, na vitheluji vinadondoka vinayeyuka kwenye paji la uso, shingo kwenda chini unachemka, masikio yanaganda. Nilikuwa na aibu ya mavazi, nimevaa tait na fulana ya kuogelea, wala hakuna aliyeniangalia, mvuke wenyewe unakusitiri. Mwezi wa saba lile lingekuwa bwawa tu kama mabwawa mengine, baridi ndo inalipa utamu wake.

Na hawachemshi, maji yanatoka ardhini yenyewe, kisima cha kwanza walikichimba karne ya 19 zaidi ya mita 900 kwenda chini, yanakuja na nyuzi zaidi ya 70 mpaka inabidi yapoe ndo mtu aingie. Yana madini kibao, watu wenye matatizo ya viungo wanaenda kuyaoga kama tiba. Mimi wa Nkuhungu maji ya chumvi hayanitishi, birika langu linaota magamba kila mwezi, ila ya kwetu yangekuwa yanatoka bombani ya moto hivi nani angelalamika. Ndani kuna mabwawa mengine mengi, baadhi yana harufu ya yai viza kwa mbali, nilichungulia nikarudi zangu nje.

Wazee wa chesi ndo walinimaliza. Wamo majini mpaka kifuani, ubao uko juu ya ukingo wa jiwe, mmoja anafikiria dakika kumi mwenzake kafumba macho, watazamaji wamewazunguka kila mmoja anajua kuliko wachezaji. Ni bao la chini ya mwarobaini kabisa, tofauti ni maji. Kaka wa Singida alisimama pale karibu nusu saa na chesi haijui.

Nendeni kama saa tisa, mnaingia kuna mwanga mnatoka usiku taa zimewashwa. Bebeni taulo na ndala zenu. Na kama una rasta, dada yangu, nakuomba, tafuta kofia ya kuogelea, maana zangu zilinywa maji zikawa kama ndoo kichwani, nikazikamua, nikavaa mzula juu, tukatoka nje, na ncha zilizobaki chini ya mzula zikakakamaa kama waya. Kesho yake mchana bado mbichi.

Hapo nje tulinunua kürtőskalács, mkate wa sukari unaozungushwa kwenye mti na kuokwa, unatoka una tundu katikati na moshi unafuka. Tukala tumesimama, vidole vyangu bado vya moto, nikamwambia kaka kesho tunarudi, akaniuliza elfu sabini nyingine umeitoa wapi.