Kadi ya benki kwenye maduka ya mtandaoni: nilikatwa siku ya 12, nikiwa nimeshaila hela

Mimi nafuma masweta ya shule hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mashine yangu ni Brother ya zamani, ile ya sindano 200, na kampuni iliacha kuzitengeneza zamani sana. Sindano zikikatika huzipati Kariakoo wala popote. Kwa hiyo naagiza mtandaoni, duka moja la Marekani, kwa kadi ya Visa ya benki yangu. Hii ni mara ya nne sasa, ndiyo maana nimeona niandike uzoefu wangu.

Kulipa kwenyewe hakuna shida. Unajaza namba za kadi, inakuja meseji yenye namba ya siri ya mara moja, unaiingiza, kwisha. Kama kadi haijafunguliwa kwa malipo ya mtandaoni unaenda tawini wanakufungulia. Shida inaanza baada ya hapo.

Alhamisi, 3 Julai 2025, usiku, niliagiza sindano pamoja na ile sponji ndefu inayozikandamiza zisichezecheze. Dola 46.80. Meseji ya benki ikaja papo hapo, kwa Kiingereza, kwamba kadi imetumika kwa shilingi 121,700. Asubuhi nikafungua taarifa ya akaunti kwenye simu: hakuna kitu. Salio limepungua, limebaki 17,300, lakini kwenye orodha ya miamala hakuna mstari wowote wa hilo duka. Jumamosi hakuna, Jumapili hakuna. Jumatatu ilikuwa Saba Saba, benki imefungwa. Jumanne nikaenda kwenye tawi, nikapanga foleni saa nzima, mhudumu akatazama kompyuta yake akaniambia, "Ni mtandao tu mama, subiri." Mtandao! Kila kitu nchi hii ni mtandao.

Nikasubiri. Ijumaa tarehe 11 nikafungua simu, nakuta salio limerudi 139,000 kamili. Nikajua duka wameghairi. Nikamshukuru Mungu, nikashuka sokoni nikanunua koni za nyuzi za 110,000, bluu na kijani, maana shule zimeshafunguliwa na baridi ya Julai ya Mbeya mnaijua, wazazi walikuwa wananipigia simu mpaka saa nne usiku.

Jumanne tarehe 15, meseji: 73,400. Ijumaa tarehe 18, nyingine: 50,900. Akaunti ikasoma hasi 95,300. Kesho yake mzazi mmoja akaniingizia malipo ya masweta, na sehemu kubwa ikamezwa palepale kufukia shimo.

Nilidhani nimeibiwa. Nilikuwa njiani kwenda kufunga kadi nilipompigia mtoto wa dada yangu, anafanya kazi benki nyingine huko Iringa. Akacheka kwanza, halafu: "Shikamoo mama mdogo. Hujaibiwa. Hebu niambie, ukienda kwa muuza nyuzi ukamwambia niwekee hizo koni, nakuja, amekuuzia?"

Nikamwambia hapana, kaniwekea tu.

"Basi na benki ndivyo. Ile meseji ya kwanza siyo ya kukatwa. Duka limeuliza, huyu mama ana hiyo hela? Benki ikasema anayo, ngoja tuwawekee. Hela haijatoka, imefungiwa pembeni usiiguse."

Kwa kweli hapo ndipo nilipoelewa jambo nililokuwa nikiliona miaka yote bila kulielewa. Duka lenyewe linakuja kudai hela yake baadaye, na maduka mengi ya huko hayadai mpaka mzigo utoke ghalani. Wakishadai, madai yanapitia kwanza benki ya duka, yanakwenda Visa, ndipo yanafika benki yako, na hayatumwi moja moja, yanakusanywa ya siku nzima yakatumwa kwa mkupuo. Mimi nimeagiza Alhamisi usiku. Ijumaa ile ilikuwa 4 Julai, sikukuu ya uhuru ya Marekani. Jumamosi na Jumapili benki hazilipani. Jumatatu sisi nasi Saba Saba. Hapo zimekwisha siku nne na hakuna aliyekosea. Kisha duka halikuwa na sponji, wakawa wanaisubiri.

Na hela kurudi? Kumbe kuwekewa kuna muda wake. Muuza nyuzi naye usipotokea wiki nzima anamuuzia mwingine. Kila benki ina siku zake. Yangu ikaona siku zimepita, duka halijadai, ikaifungulia hela bila kuniambia neno. Lakini duka lilikuwa halijaghairi chochote. Sindano zikatoka, wakadai za sindano. Sponji ikatoka, wakadai ya sponji. Ndiyo maana makato yalikuja mawili.

Nikamuuliza, mbona jumla ni 124,300 wakati meseji ilisema 121,700? Akasema ile ya kwanza ni makadirio. Hesabu ya kweli inafanywa siku madai yanapofika, kwa bei ya dola ya siku hiyo, na benki inaongeza ada yake ya muamala wa nje. Shilingi 2,600 siyo nyingi, ni koni ya uzi hiyo, lakini ningependa kuambiwa mapema.

Sisi tumezoeshwa vibaya na M-Pesa, nadhani. Ukituma, yule wa pili anapokea kabla hujarudisha simu mfukoni, kwa sababu daftari ni moja. Kadi inapita kwenye madaftari manne ya watu wanne, na kila mmoja ana saa zake za kazi.

Sasa alama. Duka nalipatia nyota tano. Walinitumia barua pepe kwamba mzigo utagawanywa, mimi ndiye sikuisoma. Kadi nyota nne, inafanya kazi. Benki yangu nyota mbili, na ya pili ni ya yule mlinzi anayenipa kiti. Programu yao ya simu inaonyesha salio moja tu. Mpwa wangu alinionyesha ya kwao: kuna salio la akaunti, kuna salio unaloweza kutumia, na katikati kuna mstari unaosema kiasi fulani kimezuiliwa na duka fulani. Mstari mmoja tu! Ningeuona huo nisingegusa ile hela, wala nisingempotezea yule mhudumu muda wake, ingawa na yeye angeweza kunieleza badala ya kusingizia mtandao.

Hela ya kurudishiwa nayo hupita njia hiyohiyo. Mwaka wa nyuma nilirudishiwa dola 12 za sindano za saizi isiyo yangu. Duka wakaandika wameshatuma, mimi nikaziona siku ya tisa.

Siku hizi nimefungua akaunti ndogo ya pili, kadi ya mtandaoni iko huko peke yake. Naweka hela ya mzigo na elfu kumi juu yake kwa ajili ya dola kupanda na ada. Nikiagiza naandika kwenye daftari la oda, chini ya majina ya wazazi: "dukani, imewekewa," na tarehe. Siifuti mpaka nione mstari wenyewe kwenye taarifa ya akaunti, hata salio likirudi lote kama lilivyokuwa.

Sindano zilifika Posta katikati ya Agosti. Sponji ilitangulia, sijui kwa nini.